Somoe, yule wa Tendaguru sio mjusi

Lindi, Jumamosi usiku

Somoe shoga yangu, asalaam alaykum.

Huku tu wazima, mama magoti tu ndo yanamsumbua hasa asubuhi lakini anakula na anaongea na kila siku anakuulizia. Voisi yako nimeisikiliza mara tatu, dakika sita nzima, nikaona nikujibu kwa kuandika maana mambo uliyoniuliza yakisemwa yanapotea, yakiandikwa mwanao Salumu anaweza kuyarudia mwenyewe ukimpa simu.

Kwanza nimeumia kusikia alivyojibiwa darasani. Mtoto anauliza swali la maana kabisa, huyo mjusi wa Tendaguru, kile kilima chetu cha Lindi walikochimba mifupa mikubwa ya kale, alikuwa mjusi gani, wa ukutani au kenge, anaambiwa andika kilichopo ubaoni. Mi nafundisha mwaka wa kumi na nne sasa na nakwambia ukweli, watoto wanaouliza hivo ni wachache na ukimzima mmoja na wenzie wote wananyamaza. Usimuache anyamaze.

Mjibu hivi: sio mjusi.

Najua wote tumekua tunasema mjusi, redioni mjusi, bungeni mjusi, babu zetu mjusi. Na neno lenyewe lina chanzo, mwaka 1842 mtaalamu mmoja wa Uingereza anaitwa Richard Owen alichukua maneno mawili ya Kigiriki, moja la kutisha lingine la mjusi, akayaunganisha ikawa dainosaria, jina la wanyama wa kale kama huyo wa Tendaguru. Sasa we mwangalie mjusi kafiri pale ukutani kwako, miguu yake imetanuka pembeni na tumbo liko chini chini, kenge hivo hivo. Dainosaria miguu yake ilisimama wima chini ya mwili kama ng'ombe, kama kuku, nyonga yake ilikaa hivo. Kwahiyo mjusi na kenge ni ukoo mwingine kabisa. Jamaa wa karibu wa dainosaria waliopo leo ni mamba na ndege, na ndege hata kuwaita jamaa ni kuwapunja, ndege ni dainosaria wenyewe, ndo tawi lililobaki.

Najua hapo Salumu atabisha. Basi siku ukichinja kuku usitupe miguu na usiiparue haraka, muite akae karibu na beseni. Mwambie aangalie yale magamba yalivyopangana kuanzia juu ya kifundo mpaka kwenye vidole, aguse, alafu ahesabu vidole vitatu vya mbele na kile kidogo cha nyuma na kucha zake. Ukifika kidarini mtolee kale kamfupa kenye umbo la panda ya manati, kale ambako tulikuwa tunavutana mimi na wewe kwa marehemu bibi. Kamfupa hako dainosaria wengi wa ile jamii ya kutembea kwa miguu miwili inayoitwa theropoda walikuwa nako, yani ni ushahidi uko kwenye sahani kila Idd na hakuna anayeuangalia. Pale Tendaguru kuna mmoja wa jamii hiyo alipatikana, mwembamba, mkimbiaji, anaitwa Elaphrosaurus. Alafu mvunjie mfupa wa bawa aone ndani ulivyo mtupu, maana yule mkubwa mwenyewe wa Tendaguru na ukubwa wake wote mifupa ya shingo yake ilikuwa na vyumba vya hewa ndani, bila hivo asingeweza kuinyanyua.

Sasa kwenye daftari lake, ile picha uliyonitumia, ameandika fosili ni mifupa ya wanyama wa zamani. Amekaribia lakini hajafika. Kwa Kiswahili chetu tunasema kisukuku, vikiwa vingi visukuku, na sio lazima mfupa. Gamba la kombe ni kisukuku, jani lililoacha chapa kwenye jiwe, hata nyayo tu, zile nyayo za Laetoli kule Ngorongoro ambazo zina miaka milioni 3 na nusu na zaidi kidogo, pale hakuna mfupa, ni watu wa kale walipita kwenye majivu ya volkano yakaganda na alama za miguu yao. Na jambo la pili ambalo halijaandikwa hapo ni kwamba kisukuku cha mfupa mara nyingi si mfupa tena kama ule wa kwenye supu, kimegeuka, kizito, kikidondoka kinalia kama jiwe.

Inavyotokea hivi. We nenda naye kwenye mikoko maji yakitoka, mwonyeshe kaa aliyekufa juu ya mchanga na kaa aliyefukiwa na tope. Wa juu kesho asubuhi hayupo, ndege na kaa wenzie wameshammaliza. Wa kwenye tope anadumu, maana hewa haimfikii na walaji hawamfikii. Sasa tope likiongezeka juu yake miaka na miaka linakandamizwa, linakuwa mwamba, ndo ile miamba mashapo tuliyosoma wote na wewe kwa kukariri tu. Maji yanapita taratibu humo ndani yakiwa na madini, yanaingia kwenye vitundu vya mfupa na sehemu nyingine yanachukua nafasi ya mfupa wenyewe, chembe kwa chembe, mpaka umbo linabaki lile lile na kilichomo ndani ni madini. Wengi sana hawapati bahati hiyo, kwa kila mnyama aliyeacha kisukuku kuna wengine wasiohesabika hawakuacha hata jino, ndo maana kikipatikana hata kipande kinathaminiwa.

Mi mwenyewe nilikuwa nafundisha haya yote bila kuyaona, mpaka nilipokwenda kilimani mwaka juzi na mwalimu mwenzangu, bodaboda mbili, kiangazi, njia za kule Mipingo unazijua zilivyo, vumbi mpaka kwenye kope. Kilima chenyewe ukikiona utasema ndo hiki? Kimeinuka kidogo tu katikati ya vichaka. Tukawa tunateremka pembeni kwenye korongo dogo ambalo mvua imekata ardhi, nikaona kitu kimetokeza kwenye mwamba, ukubwa wa kiganja cha mtoto, nikapiga magoti. Kombe, Somoe. Kombe la baharini limekaa ndani ya jiwe, na mistari yake ya matuta matuta imenyooka vizuri kana kwamba mtu amechonga jana, kijivu chenye wekundu kidogo, nikapitisha kidole nikasikia kila tuta. Na kutoka pale mpaka bahari ya hapa Lindi ni kama kilomita 60. Nilikaa pale muda mrefu mwenzangu ananiita siitiki. Sikulichukua, sheria ya mambo ya kale hairuhusu kuchukua bila kibali na hata ingeruhusu nisingelichukua, mahali lilipo ndo sehemu ya habari yake.

Maana habari yenyewe iko kwenye matabaka. Tendaguru kuna matabaka matatu yenye mifupa ya dainosaria, na katikati yake kuna matabaka yenye makombe ya bahari. Yani bahari ilikuja, ikarudi, ikaja, ikarudi, na kila iliporudi wale wakubwa wakaja kula majani kwenye pwani ile na kufia pale. Neno tabaka Salumu alishike vizuri kuliko yote, la chini limetangulia na la juu limefuata, isipokuwa ardhi iwe imepinduka. Na umri wanaujua vipi, njia moja ni viumbe vya bahari kama amonaiti, gamba lililojiviringa kama konokono, hao walienea bahari nyingi za dunia na walikuwa wanabadilika haraka kwahiyo ukimkuta wa aina fulani unajua uko kwenye tabaka la wakati gani. Njia nyingine ni madini ya urani yaliyofungiwa kwenye chembe za volkano, urani inageuka kuwa madini ya risasi kwa kasi isiyobadilika, unapima ipi imebaki kiasi gani. Huko hata mi sizami sana darasani, wanafunzi wanachoka.

Umri wa yule mkubwa wa Tendaguru ni kama miaka milioni 150, mwishoni mwa enzi inayoitwa Jurasiki. Namba hiyo ukimtajia mtoto haimwingii, na mtu mzima pia haimwingii, kwahiyo mi natumia barabara yetu. Mwambie apande koasta hapa stendi ya Lindi kuja kwenu Mtwara, tuseme ni kilomita 100 kamili hesabu isitusumbue, na safari yote ni umri wa dunia, miaka bilioni 4 na nusu. Kila kilomita ni miaka milioni 45. Mnaondoka Lindi dunia ndo inaundwa, ni moto na mawe. Mkifika maeneo ya Mingoyo ndo kuna dalili za uhai, vijidudu vya chembe moja basi. Alafu mnaenda, mnaenda, abiria wanalala, huko kote ni vijidudu karibu vitupu, mpaka mnakaribia Mikindani kabisa ndo bahari inajaa wanyama wenye magamba na miguu. Pale pale Mikindani mimea inapanda nchi kavu. Zikibaki kilomita 3 na kidogo kufika ndo yule wa Tendaguru anakula majani. Ikibaki kilomita moja na nusu linaanguka jiwe kubwa kutoka angani kule Meksiko, miaka milioni 66 iliyopita, dainosaria wote wakubwa wanatoweka, wanabaki ndege. Zinjanthropus wa Olduvai, yule wa ukoo wa binadamu wa kale ambaye Mary Leakey alimuokota mwaka 1959, yuko mita 39 kabla ya kusimama. Na sisi binadamu wa aina hii, miaka laki 3, tumekaa kwenye mita saba za mwisho, yani urefu wa koasta yenyewe aliyopanda.

Darasani nikifika hapo huwa pananyamaza.

Haya turudi kwa yule mkubwa maana Salumu atataka jina. Anaitwa Giraffatitan brancai, zamani walimuita Brachiosaurus. Kasimama Berlin kwenye makumbusho yao toka mwaka 1937, zaidi ya mita 13 kwenda juu, mfupa wa mkono wa juu peke yake, huu wa kutoka begani mpaka kiwiko, una mita 2.13, simamisha mwanaume mrefu kuliko wote hapo Chikongola haufikii. Mwaka 1906 mhandisi wa Kijerumani anaitwa Sattler alipita kule anatafuta madini akakuta mfupa mkubwa njiani, wakati huo vita vya Maji Maji havijapoa na watu wa huku wana njaa. Kuanzia 1909 mpaka 1913 wakaja wataalamu wa Berlin, Janensch na Hennig ndo waliongoza, na kuna wakati wachimbaji walifika kama 500 kwa mara moja. Wachimbaji gani? Babu zetu, Somoe. Walichimba kwa majembe na sururu, wakafunga mifupa, wakaibeba kichwani na mabegani mpaka bandarini hapa Lindi, mwendo wa siku nne hivi kwa miguu, alafu wanarudi kubeba tena. Zaidi ya tani 200 zilipita hivo. Mi kila nikipita pale gatini nafikiria mabega yale.

Na ukitazama majina utaona jambo. Hilo brancai la mwisho ni la Branca, mkurugenzi wa makumbusho kule Berlin. Janensch ana dainosaria wake Janenschia. Lakini msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, mtu aliyejifunza kutambua mifupa ile na kuiandaa na kusimamia mamia ya watu, jina lake lilingoja mpaka mwaka 2007, ndo wakampa dainosaria mmoja wa Tendaguru mwenye shingo ndefu, Australodocus bohetii. Miaka karibu mia. Nilipolisoma mara ya kwanza niliandika ubaoni kwa herufi kubwa na nikawaambia watoto wasome kwa sauti, bohetii, bohetii. Salumu akiulizwa majina ya Tendaguru asimsahau huyo, hata kama hayupo kwenye notisi.

Kwa hapo neno spishi linaingia lenyewe. Jina la kwanza kama Australodocus ni la kundi la jamaa wa karibu, ya pili bohetii inataja spishi yenyewe, yani wale ambao wanazaana wao kwa wao na watoto wao wanaendelea kuzaa. Kwa visukuku huwezi kuangalia nani kazaa na nani kwahiyo wanapima maumbo ya mifupa, na hapo ndo wataalamu wanabishana na majina yanabadilika, kama huyo Brachiosaurus wetu alivyobadilishwa.

Sasa lile la mama mkwe wako kukasirika na mada ya evolusheni, yani mageuko ya viumbe. Namuelewa na sitaki Salumu abishane na bibi yake, heshima ije kwanza. Ila alichoambiwa kwamba eti evolusheni inasema binadamu katoka kwa nyani au sokwe hawa tunaowaona, sivyo isemavyo. We na binamu yako Mwanaidi mnafanana pua, je Mwanaidi ndo kakuzaa? Mnafanana kwasababu bibi yenu ni mmoja. Binadamu na sokwe ndo hivo, wana bibi mmoja wa kale, miaka milioni 6 au 7 huko, ambaye hakuwa sokwe na hakuwa mtu, kila tawi likaenda na njia yake. Mambo ya imani kila mtu na Mola wake, mi naswali tano na nafundisha hii mada na moyo wangu umetulia, lakini mtoto akiulizwa kitu aeleze kilichosemwa kweli.

Na mageuko sio lazima uyatafute kwenye mawe. Unaikumbuka klorokwini? Ile ilivyokuwa chungu na kuwasha mwili mzima usiku tunajikuna na wewe kwa mama. Ilikuwa inaponya. Baadae watu wakawa wanameza na homa iko pale pale, mwaka 2001 serikali ikaiacha ikaleta SP, ile Fansidar, nayo ikazidiwa, mwaka 2006 ikaja dawa mseto hii tunayotumia. Kilichotokea ni hiki, kwenye mamilioni ya vijidudu vya malaria vilikuwepo vichache vilivyozaliwa na tofauti kidogo ambayo dawa haiviui. Dawa ikaua wengine wote, hivyo vichache vikabaki na nafasi yote, vikazaa watoto wenye tofauti ile ile, mpaka ikawa karibu vyote viko hivo. Hakuna kijidudu kilichojifunza wala kujitahidi. Hiyo ndo inaitwa uteuzi wa asili, Darwin aliiandika mwaka 1859 na mwenzie Wallace aliifikia mwenyewe, na sisi tumeiona kwa macho yetu ndani ya miaka ishirini kwenye vitanda vyetu. Malaria hiyo hiyo ilimuua Cutler hapa Lindi mwaka 1925, kiongozi wa Waingereza waliokuja Tendaguru baada ya Wajerumani. Louis Leakey alikuwa kijana tu wa miaka ishirini hivi, ndo walikuja wote mwaka 1924, huku kwetu alijifunza kuchimba kabla hajajulikana kwa Olduvai.

Limebaki neno nadharia. Mtaani nadharia ni kitu cha kudhani, kwenye sayansi ni maelezo yaliyopimwa na ushahidi mara nyingi na yakasimama. Hilo likimchanganya usimlaumu, linawachanganya na wakubwa.

Na shemeji akitaka kuchangia mwambie amweleze mtoto habari za silikanti, yule samaki mkubwa wa maji ya kina mwenye mapezi yanayofanana na miguu mifupi minene. Wataalamu walikuwa wanamjua kwa visukuku tu wakaamini alitoweka pamoja na dainosaria, mwaka 1938 akanaswa mzima Afrika Kusini, na toka 2003 wavuvi wa Tanzania wamewanasa, wengi kule Tanga. Watu wanamwita kisukuku hai, neno tamu lakini mi silipendi, maana linafanya mtu adhani hajabadilika hata kidogo na wa leo sio yule yule wa kwenye mawe, ni wa ukoo ule.

Saa sita inakaribia na umeme umeshakatika mara mbili, naandikia mwanga wa simu. Nimeongea na yule mwalimu mwenzangu, likizo ya mwezi wa sita tunaenda tena kilimani, nafasi ya Salumu ipo. Mpandishe koasta ya saa kumi na mbili asubuhi nitampokea stendi, aje na viatu vya kufunika na kofia na daftari jipya, lile la zamani aliache. Mwambie kwenye njia azihesabu zile kilomita, akifika aniambie Mikindani ilimkuta ya ngapi, kwake itakuwa kinyume maana anatokea mwisho wa safari kuja mwanzo.

Nisalimie mama mkwe sana, mwambie korosho zake nimeziweka.

Wako,
Zuhura